Nimependekezwa kuwa mzee wa kanisa, mke wangu ananiita vuguvugu. Nikubali?

MwenyeDuka_Igoma

Wakuu, habari za jioni. Mimi sio mwandishi humu, nasomaga tu na kupita, ila leo nimekwama.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, Mwanza. Saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Usharika wetu unachagua wazee mwezi ujao, na mchungaji kanipigia simu kwamba jina langu limependekezwa na mtaa. Najua limetokea wapi. Mwaka jana kanisa lilipomwaga jamvi nilitoa mifuko 40 ya saruji, na kwenye harambee ya kupaua nikasimama tena. Tangu hapo nikiingia ibadani nasogezewa kiti cha mbele, hata nikichelewa.

Sasa mimi ni mtu wa ibada ya kwanza Jumapili, basi. Matangazo yakianza nimeshatoka, maana mafundi wanaolipwa Jumamosi ndio wananunua vitu Jumapili asubuhi. Jumuiya inasali Jumatano saa kumi na moja jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu ya kwangu ikifika mke wangu ndiye anawapokea, mimi nipo dukani, natuma kreti ya soda. Bahasha ya ahadi nalipa yote mwezi wa kwanza kwa simu, nisidaiwe na mtu. Biblia ipo kwenye gari, juu ya dashibodi, jalada limeshapauka kwa jua.

Mke wangu amekuwa mtu wa maombi kwelikweli. Mkesha kila Ijumaa, kufunga, kutembelea wagonjwa hospitali ya Sekou Toure. Nilipomwambia habari ya uzee wa kanisa akacheka, akafungua Ufunuo 3 akanisomea: "Basi, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika utoke katika kinywa changu." Akafunga kitabu, akaenda zake jikoni.

Na mimi nina langu. Ng'ambo ya barabara kuna mwenzangu wa biashara hiyohiyo, mlokole wa kupindukia, spika ya mapambio inaimba toka asubuhi. Huyohuyo anauza bati la geji 32, lile jembamba zaidi, limegongwa muhuri wa 30. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ukiiweka kwenye mizani inatakiwa kilo kumi na nusu na kitu. Za kwake hazifiki tisa. Mteja anakuja kwangu, anasikia bei, anavuka barabara. Mimi mzigo huo siuzi na sijawahi kuuza. Kodi nalipa, vijana wangu mshahara wanapata kwa wakati, mke ni mmoja. Sasa hapo vuguvugu ni nani?

Nikubali au nikatae? Na kama kuna mtu anaweza kunieleza bila mahubiri marefu, huko "kuwa moto" ni nini hasa? Kama ni kelele, mimi sina sauti.

Kitasa

Kubali mkuu. Kanisa ambalo paa halijaisha halimkatai mtu wa bati. Uzee wa kanisa siku hizi ni kamati ya ujenzi yenye sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Mtanga

Mimi Muislamu, napita tu. Na kwetu wapo: Ijumaa na Idi anapigania safu ya kwanza, Alfajiri humuoni mwaka mzima. Ila hilo la nondo msilichukulie poa, sura ya 83 ya Qurani inaanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Niwaache na mambo yenu.

Mama_Tatu

Kaka yangu, ngoja niseme kama mke, maana wa kwako hayupo humu kujitetea. Umemwandikia jirani aya nzima, na nondo zake umezipima mpaka kilo. Mkeo umemwandikia kwamba alicheka.

Mwanangu wa kati yuko kipaimara mwaka wa pili, anakariri Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Martin Luther. Kila usiku mezani ni "Maana yake nini?" mpaka na mimi nimeshaikariri upya. Amri ya saba, usiibe: maelezo yake yanataja kabisa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Luther kaandika hayo mwaka 1529, bati la migongo halijagunduliwa bado, na jirani yako kakamatwa. Haya, nenda ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Maelezo hayakuishia kwenye uongo. Yanataka umtetee, umnene vema, mambo yake uyachukulie kwa upande mzuri. Najua usemayo ni kweli. Lakini umewahi kuvuka hiyo barabara ukamwambia yeye mwenyewe? Au wanaoambiwa ni wateja, na sasa sisi?

Wa kwangu naye ni mtoaji mzuri tu. Siku moja mtoto alimuuliza mezani, baba, ile ya nane maana yake nini, akashika rimoti akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Hicho ndicho kinachomchekesha mwanamke kaka. Hakuna mke anayetaka mume apige makelele kama spika. Anataka azime televisheni, akae, amsikilize mtoto akikariri, na akikosea amsahihishe kwa kuwa naye anaijua. Mkesha tunaenda kwa sababu nyumbani tunasali peke yetu.

Na hizo soda, usikasirike, unazituma ili ziende badala yako.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Naomba niguse huo mstari wa Ufunuo, maana unatumika vibaya sana, na nyumbani kwako umetumika kama fimbo.

Laodikia ulikuwa mji wa kitajiri kwenye bonde la mto Liko, magharibi ya Uturuki ya leo. Sufu nyeusi ya kondoo, mabenki, dawa ya macho. Tetemeko liliubomoa mwaka 60 hivi, na mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba waliujenga upya kwa mali yao wenyewe, bila msaada wa Roma. Ndiyo maana barua inawanukuu: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Kitu pekee walichokuwa nacho shida ni maji. Yaliletwa kutoka mbali kwa mabomba ya mawe, na mabomba hayo yamechimbuliwa, ndani yameganda chokaa. Jirani zao wa Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto ambazo wagonjwa walikwenda kuoga. Kolosai walikuwa na maji baridi ya mlimani.

Soma mstari tena ukiwa na ramani hiyo. Bwana anasema heri ungekuwa baridi au moto. Angekuwa anapima kelele za ibada, asingesema heri uwe baridi. Maji ya moto yanaponya, ya baridi yanakata kiu. Ya uvuguvugu hayamsaidii mtu. Kwa hiyo ndugu yangu, swali lako libadilishe kidogo: imani yako inamfaa nani? Jibu linaweza kuwa zuri kuliko anavyodhani mkeo, na linaweza kuwa baya kuliko unavyodhani wewe.

Halafu ule mstari wa "nasimama mlangoni, nabisha" tunaoutumia kwenye mikutano ya injili kuwaitia wasioamini, umo humohumo, aya ya 20. Aliyekuwa nje anabisha hodi alikuwa anabisha kwa washirika.

MwenyeDuka_Igoma

Mwinjilisti, hiyo ya mabomba sijawahi kuisikia, nimeielewa. Ningekuwa Laodikia ningewauzia ya plastiki.

Mama Tatu, kuvuka barabara sijavuka. Nikivuka ataona nimemfuata kwa wivu wa biashara, na kusema kweli hatakuwa amekosea sana. Ila hilo la soda kwenda badala yangu nalikataa. Bila ile saruji wanaokesha wangekesha kwenye vumbi. Kila mtu na kipawa chake, Warumi 12 inasema mwenye kukirimu akirimu kwa moyo mweupe. Kwa nini cha kwangu kihesabiwe ni cha kukwepea?

Kitasa

Hapo mwenye duka kafunga goli.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, nakuita hivyo kwa umri, niko Muleba, nimestaafu kufundisha muda mrefu. Sijui kuandika kifupi, univumilie.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa kahawa. Wenyeji wa Kagera wataijua biashara inayoitwa butura. Mtu amebanwa: karo, msiba, ugonjwa. Kahawa yake bado ni maua mtini. Anakuja kwako, unampa fedha, na kahawa ya miti ile inakuwa yako ikiiva, kwa bei ambayo ni robo tu ya thamani yake. Hakuna mizani iliyochezewa. Makubaliano yapo, mashahidi wapo, na aliyekuja ndiye aliyeomba. Hata leo serikali inaipiga marufuku na watu wanaifanya usiku. Baba aliifanya mchana, na alikuwa msharika mzuri kabisa. Tumebatizwa wote, sadaka yake ya mavuno ilikuwa mikungu ya kubebwa na watu wawili, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Ungemuuliza angekujibu kama ulivyotujibu wewe, kwamba wako wachuuzi wanaoweka kidole kwenye mizani, yeye siye.

Uamsho, ule mwamko wa wokovu, ulipofika kwetu ulikuwa umetokea Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya wamisionari wa Kianglikana. Daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikuwa amekutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasali pamoja, na katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Haukuuliza nani Mwanglikana, nani Mlutheri. Waliookolewa waliitana ndugu, na salamu yao ilikuwa wimbo wao, Tukutendereza Yesu, yaani Tunakusifu Yesu, kwa Kiganda hichohicho, hata kwa wasiojua Kiganda.

Baba aliokoka nikiwa mtoto wa shule. Ninachokumbuka si machozi. Ni daftari. Alitoa daftari la butura, akaketi mkekani, taa ya chemli mbele yake, akawa anasoma jina, idadi ya miti, anapiga mstari. Mama alisimama mlangoni akauliza na ada za hawa je? Hakumjibu, aliendelea kupiga mistari. Asubuhi akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye miti kwamba kahawa ni yenu, fedha niliyowapa mtanirudishia ileile, bila nyongeza, mkivuna. Mzee mmoja alikataa katakata. Alidhani ni mtego wa deni jipya, maana mchuuzi gani anarudisha kahawa? Ilibidi baba arudi na mashahidi walewale wa mwanzo ndipo mzee akakubali kwamba miti yake ni yake.

Tulikula ndizi na maharage bila samaki kwa muda mrefu. Sisemi hivi kukupamba hadithi. Tulilalamika sana, na mama alilalamika kuliko sote.

Sasa nije kwako. Kwenye ushirika wa ndugu, mtu alisimama akasema dhambi yake kwa jina lake, shilingi ngapi, kwa nani. Lakini ukianza kusema ya mwenzio, hata kama ni kweli tupu, mzee mmoja aliyekuwa anakaa karibu na dirisha alianzisha Tukutendereza, wote wakadakia, na sauti yako ikamezwa na wimbo. Ukikaa, wimbo unaisha. Nimesoma ulichoandika juu ya nondo za jirani, nikamsikia yule mzee anakohoa kusafisha koo.

Walikuwa na ubaya wao, nisiwafanye malaika. Waliwapima watu kwa mavazi na nywele, wasiokuwa wao waliwaona kama wafu, na ndoa kadhaa nilizozijua ziliumia. Lakini jambo moja walilijua: mtu asiyeiba hajamaliza. Yule tajiri wa Marko 10 alisema amezishika amri tangu ujana wake, na Yesu hakumbishia. Imeandikwa "akamkazia macho, akampenda", ndipo akamwambia umepungukiwa na neno moja. Kwa yule lilikuwa mali. Kwa baba lilikuwa daftari. Kwako sidhani kama ni mali, mali unaitoa kwa wepesi kuliko wengi wetu. Mifuko 40 haikukuuma. Kwako naona ni Jumatano saa kumi na moja. Ukarimu wako ni kipawa, Warumi 12 umeinukuu sawasawa. Ila ukirudi ukaisoma sura hiyo tangu juu, inaanza kwa kuwataka watoe miili yao. Soda haimo.

Kuhusu uzee wa kanisa. Mzee wa kanisa kwetu anahesabu sadaka, sawa, lakini kazi kubwa ni kujua nyumba. Nani anaumwa, nani kaacha kuja na kwa nini, mume na mke gani hawasemeshani, mjane yupi kalalia uji. Wewe nyumba hizo unazijua kwa madeni yao ya saruji. Ningekuwa wewe ningemwomba mchungaji jina likae kwanza, nikaingia jumuiya kama mtu wa kawaida, nikakaa kwenye mkeka. Akisema nafasi haizibiki bila wewe, muulize kwa upole kama anamtafuta mtu au anatafuta bohari.

Mjukuu_wa_Kiharu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma nikiwa Murang'a, Kenya, na hiyo Tukutendereza nimeikulia. Nyanya yangu alikuwa wa hao ndugu, sisi tukiwaita ahonoki, yaani waliookoka. Wakati wa Mau Mau waliletewa kiapo, wakasema wameshakunywa damu ya Yesu, hawanywi nyingine. Serikali ya mkoloni ikawaletea bunduki wajiunge na Home Guard, mgambo wake wa kupambana na Mau Mau, wakazikataa nazo pia. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili, na wako waliouawa. Kanisa kuu letu hapa lilijengwa kwa kumbukumbu yao, na michoro ya ukutani ilichorwa na Mtanzania wenu, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro. Yesu wake ni Mwafrika, anazaliwa kwenye kibanda cha hapa kwetu. Mkija muione.

Ila hapo mwisho sikubaliani na Mwalimu. Ati jina likae kwanza. Nyanya hakuanza akiwa shujaa. Alipewa ufunguo wa kanisa kwa sababu aliishi karibu na mlango, si kwa sababu ya maombi. Kufungua kila asubuhi ndiko kulikomleta ndani. Huyu jamaa akisubiri awe tayari atasubiri mpaka bati lipate kutu. Wengine huingizwa na kazi. Kama amependekezwa, achukue, lakini amwambie mchungaji asipewe kamati ya ujenzi. Apewe wagonjwa.

Mama_Tatu

Apewe wagonjwa! Hiyo nimeipenda. Wamnyime kabisa mambo ya saruji.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mjukuu. Hoja yako ina nguvu na sina jibu la haraka. Naongeza tu kwamba nyanya yako alipewa ufunguo kwa kuwa jirani, huyu anapewa cheo kwa kuwa na duka. Watakaomchagua watatarajia mwenye duka waliyemchagua. Akikataa kamati ya ujenzi siku ya kwanza, mtaona wangapi watamkumbuka kwenye uchaguzi unaofuata.

MwenyeDuka_Igoma

Nimesoma zote, nyingine nimesoma mara mbili dukani mteja akinisubiri.

Mwalimu, ile ya kujua nyumba kwa madeni yao ya saruji imenikera siku nzima kwa sababu ni kweli. Nilijaribu kuhesabu kichwani watu wa jumuiya yangu, na wengi nawajua kwa kiasi: huyu mifuko miwili, huyu nondo za msingi alimalizia kwa mafungu.

Nimeongea na mchungaji. Nimemwambia kama ni kamati ya ujenzi nitaendelea kutoa nikiwa hukuhuku nje, jina alitoe. Kama ni kutembelea wagonjwa tuongee. Akanyamaza kidogo, akasema atarudi kwangu. Hajarudi. Mke wangu nimemsomea ya Mwinjilisti kuhusu Laodikia, akasema kumbe hata maji baridi yana kazi, akaniuliza ya kwangu yanamkata kiu nani. Yule mwanamke hashindwagi.

Wiki hii jumuiya iko kwa mama mmoja anayeuza dagaa nyuma ya stendi. Kijana wangu atabaki na duka. Siahidi mtu kitu. Ya jirani bado sijavuka, na nikivuka sitakuja kuwasimulia humu, yule mzee wa dirishani asije akanianzishia wimbo.

Kitasa

Mkuu, tukiacha utani, bati za msauzi geji 28 unauzaje kwa mita? Nina kibanda changu Buhongwa, nimepigwa mara ya mwisho na muhuri wa uongo na sitaki tena.

MwenyeDuka_Igoma

Nitumie ujumbe, bei inategemea rangi na urefu. Fundi wako apime paa kwanza, usije na vipimo vya kubahatisha.